Kifungo cha Koplo Lugoye

Walipanda saba, wa mwisho kuingia,
mabegi ya kijani, shingo zimebabuka kwa jua la huko
ambako redio hupataja kwa jina la mto tu.
Ndege ilikuwa imejaa sisi wa Kariakoo:
mimi na zipu zangu dazeni arobaini,
mzee Bujiku na vipuri vya boti,
bibi harusi mmoja kapakata keki kama mtoto mchanga.

Hakuna aliyetoa hotuba.
Mzee Bujiku alisimama tu, na goti lake lile,
akainua begi la mmoja hadi kabati la juu.
Kijana akasema, "Shikamoo, acha mzee, ni zito."
"Marahaba. Ndiyo maana."

Wangu alikaa katikati, ubavuni pangu.
LUGOYE, kibao cha kifuani kilisema.
Miguu mirefu aliikunja kama anayeomba radhi,
na kwenye mkono wa kulia wa gwanda
kifungo kilining'inia kwa uzi mmoja.

Mimi ni fundi. Miaka ishirini na sita Mabatini,
sweta za shule, majoho ya kwaya.
Siwezi kutazama kifungo kinachokata roho.
Pale ukaguzi walinichukulia mkasi;
sindano hawakuiona, huichomeka ndani ya upindo wa kitenge
kama mama alivyonifunza.
"Lete mkono," nikasema.
Akaleta, kama mtoto anayekwenda kukatwa kucha.

Uzi wa kijani sikuwa nao.
Nilikuwa na wa buluu, wa sweta za darasa la kwanza.
Nikashona buluu juu ya kijani, juu ya mawingu ya Singida,
na kule mbele abiria wakarudisha nyuma korosho zao,
mkono kwa mkono, pakiti kwa pakiti,
hadi mapaja ya wanajeshi yakajaa kama meza ya mnada.

"Asanteni kwa kutulinda," bibi harusi akageuka akasema.
Masikio ya Lugoye yakawaka.
"Mimi ni mpishi," akaninong'oneza.
"Miezi kumi na minne nimesonga ugali wa watu mia mbili.
Silaha yangu mwiko.
Kuna mmoja alikuwa anapenda ukoko.
Nilikuwa namwekea."
Akanyamaza. Nami sikuvuta uzi.

Baadaye nikaukata kwa meno.
"Hiki sasa ni kifungo cha maisha," nikamtania,
akacheka kwa pua, kidogo.
Nikampisha dirishani bila kumuuliza,
maana ndege ilikuwa imelalia bawa la kushoto
na ziwa limefunguka lote:
Saa Nane, mawe ya Bismarck yamebebana
kama ndugu waliogombana wakakosa pa kwenda,
feri ya Kamanga ikichora mstari mweupe,
na mbali, ule ukungu ambao ni Ukerewe.
Akaweka kidole kwenye kioo. Hakusema "kwetu."
Alisema, "Leo dagaa wameanikwa,"
kana kwamba pua yake ilitangulia kushuka.

Sisi watu wa Mwanza tunajuana:
ndege haijasimama, tumeshasimama sisi,
kila mtu na begi lake kichwani.
Siku ile mikanda ilifunguka, ka, ka, ka,
na hakuna aliyenyanyuka.
Rubani hakuomba.
Mtoto mmoja tu aliuliza, "Mbona hatushuki?"
Na mamaye: "Walitangulia kwenda. Watangulie kurudi."

Wakapita, wameinama, wala si kwa sababu ya dari.
Mzee Bujiku akawagusa mabega mmoja mmoja
kama anayehesabu. Akafika saba,
kisha mkono wake ukabaki hewani.

Sijamwona tena Lugoye.
Nadhani gwanda lile limeshafuliwa huko Nansio,
na mama mtu, akilianika, ameuona uzi wa buluu
akauliza, "Nani huyu aliyekushonea ovyo?"
Si ovyo, mama.
Nilizungusha mara nane, nikafunga mafundo mawili.
Uzi wa kijani sikuwa nao.